Pampu Ndogo na Pampu Kubwa



Mimi ni afisa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kuzungukia madarasa ya vijijini, na chombo changu ni baiskeli. Huku kwetu Dodoma migunga ni mingi. Mwiba wake hauchagui tairi la afisa wala la mkulima. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya pampu.

Ziko pampu za aina mbili. Ya kwanza ni ndogo. Hufungwa kwenye fremu ya baiskeli, nawe husafiri nayo. Ya pili ni ndefu na husimama chini. Unakanyaga kitako chake, unashika mpini kwa mikono miwili, unasukuma kwa uzito wa mwili.

Mimi nilinunua ile kubwa. Ilijaza tairi upesi, wala sikutoka jasho. Nilidhani pampu ndogo ni ya mtu asiye na fedha. Hapo ndipo nilipokosea.

Usiku mmoja mtoto wetu alishikwa na homa kali. Alfajiri nilimpakia mke wangu nyuma, mtoto akiwa mgongoni mwake, tukaenda zahanati. Njia ni kilometa 14. Tulipofika katikati, tairi la nyuma likaanza kulegea. Mwiba! Tukashuka. Tairi legevu likibeba mzigo, ringi huukata mpira wa ndani. Nikaanza kuikokota baiskeli. Mtoto alikuwa amekataa kunyonya.

Mara akatokea mzee muuza mkaa, anaelekea huko huko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Pampu yako iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Basi utajaza upepo ukirudi," alisema, huku akifungua pampu yake ndogo.

Mwiba niliuacha pale pale, maana upepo ulikuwa ukitoka polepole. Nikasukuma mpaka mikono ikauma. Mzee akafuatana nasi. Tulisimama mara tatu kujaza tena, tukafika. Damu ya mtoto ilipimwa, akaonekana ana malaria, akapewa dawa. Alipona. Mganga alisema tumefanya vyema kuwahi. Habari ya pampu sikumweleza.

Je, pampu kubwa haifai? Inafaa sana. Bomba lake ni kubwa, kwa hiyo kila msukumo huingiza upepo mwingi. Anayebeba magunia kila siku anahitaji tairi gumu. Lakini pampu hiyo ni ya kukaa mahali pamoja. Majirani kumi wanaweza kuchanga wakanunua moja. Pampu ndogo haifai kuchangiwa, kwa sababu kila mtu ana safari yake. Kama una fedha za pampu moja tu, anza na ndogo.

Ukienda dukani, ijaribu kwanza. Ziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha sukuma. Upepo ukikisukuma kidole kwa nguvu, pampu ni nzima. Usiposukuma, huenda kipande cha ngozi au mpira kilichomo ndani kimekauka au kimechakaa. Kikiwa cha ngozi, tone la mafuta huweza kukilainisha.

Halafu tazama ubavuni mwa tairi lako. Kwenye matairi mengi pameandikwa kipimo cha upepo. Zamani uliona michoro tu. Sasa unazijua tarakimu, zisome.

Pampu yangu kubwa ingali nyumbani. Ndogo iko kwenye fremu. Je, yako iko wapi?