Barua ya Sentensi Mbili

Nilipofika Mlimani kwa mara ya kwanza nilikuwa mzee tayari. Nilipanda treni ya TAZARA hapa Mlimba, nikimsindikiza mjukuu wangu aliyekwenda kuanza masomo. Yeye alipanga foleni ya usajili. Mimi nikaketi kivulini, karibu na Ukumbi wa Nkrumah.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa mlimani pale. Kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake.

Watu hudhani chuo huongozwa na Baraza na Seneti peke yao. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, ufunguo mmoja wa mlango wake ulikuwa huku kwetu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita alipaswa kwanza kufanya kazi kwa miaka miwili, kisha apendekezwe na mwajiri wake na tawi la chama. Nia ilikuwa njema: wanaobeba gharama wawe na sauti juu ya nani asomeshwe.

Sauti hiyo iliwahi kuwa yangu. Nilikuwa mwalimu mkuu kijana, elimu yangu ikiwa imeishia chuo cha ualimu. Kijana mmoja aliyefundisha nasi alinijia na fomu zake. Alikuwa mchapakazi, na hesabu alizijua kunishinda. Hata watoto walikwisha kuling'amua hilo. Niliandika: "Ni mtulivu. Anahitaji muda zaidi wa kukomaa."

Mwaka ule hakuchaguliwa. Kama ni maneno yangu yaliyomzuia, sijui. Ninachojua ni kwamba niliyaandika ili yamzuie. Hakuniuliza kamwe, na aliendelea kuniamkia kwa heshima hadi alipohama.

Tumezoea kuwalaumu wakubwa kwa kuharibu mambo mema. Lakini utaratibu ule, uliotungwa ili kumpa mnyonge sauti, mimi niliuharibu kwa kalamu ya wino, mezani pangu, bila kuamriwa na mtu.

"Babu, wamenipokea," mjukuu wangu aliniambia akirudi na karatasi zake.

Nilimpongeza. Kisha nikamsimulia habari hii, maana hakuwahi kuhitaji barua ya mtu kama mimi. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na yule mwalimu, babu, alistahili?"

Alistahili. Ndivyo nilivyopaswa kuandika.