Mpwa wangu

Mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa na kukulia Minneapolis, aliniandikia ujumbe mrefu kwa Kiingereza. Hataki tena kuitwa kwa maneno ya kike, na ya kiume pia hayataki. Akaniomba nimweleze bibi yake kabla hajaja Tanga kututembelea. Nilivyousoma, alikuwa anaogopa.

Nikatafuta maneno ya kubadilisha, sikuona hata moja. Kwangu ni mpwa, kwa mama yangu ni mjukuu, kwa wanangu ni ndugu. "Yeye" ni yeye tu, na "amekuja" haiulizi kama aliyekuja ni mume au mke. Mpwa lina masharti yake, lakini ni mengine kabisa: mtoto wa dada yangu ni mpwa, wa kaka yangu ni mwanangu. Neno linaangalia mzazi, mtoto linamwacha. Nikamjibu kwa majivuno kidogo: wewe njoo, huku lugha haina shida.

Shida ya kwanza ilikuwa wanangu. Wao ni wadogo kwake, hawawezi kumwita jina kavukavu. Lazima kaka au dada. Ndugu ni neno la kumtajia mtu. Ukimwita mtu "ndugu" sebuleni, utadhani mko kwenye mkutano wa chama. Hilo nikaliweka kiporo.

Jioni nikamkuta mama uani anachambua mchicha. Nikamwambia, "Mjukuu wako wa Marekani anakuja Desemba."

Alifurahi mpaka akaacha kazi. Akahesabu miaka kwa vidole, akafika 26.

"Ameolewa?"

Nikakwama. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kuoana kunataka watu wawili, na mama alikuwa anamuulizia mmoja. Kiingereza kile kinachomsumbua mpwa wangu kingepita hapa bila kujikwaa, maana kwao bwana na bibi wanatumia neno lilelile. Kiswahili changu nilichojivunia kikamaliza kazi yote kwa neno moja, tena kutoka kinywani mwa mtu anayempenda kuliko sisi sote.

Mama alikuwa ananitazama, tawi la mchicha mkononi.

"Bado anasoma, mama."

"Haya, asome kwanza."

Akarudi kwenye mchicha wake. Simu ikatetemeka mfukoni. Ni mpwa wangu: eti, nimeshamwambia bibi?