F40 au Countach? Mjadala wa chumbani kwetu

Wiki hii hosteli yetu imegawanyika vipande viwili, na safari hii sio Simba na Yanga. Ni Ferrari F40 na Lamborghini Countach. Rumeti wangu ni mtu wa Countach kufa na kupona. Mimi niko F40, ingawa wote wawili hata baiskeli hatuna.

Tuanze na mwendo. Countach ilianza kuuzwa 1974 ikaendelea kutengenezwa mpaka 1990. Ile ya 1985, yaani QV, ina silinda 12, lita 5.2 na nguvu farasi 455. F40 ilitoka 1987, Ferrari ilipotimiza miaka 40. Ina silinda 8 tu na lita 2.9, lakini tabo zake mbili zinaifikisha farasi 478 na spidi ya kilomita 324 kwa saa. Halafu ni nyepesi: kama kilo 1,100, wakati QV inakaribia 1,500. Mwalimu wa hesabu mtarajiwa nikapiga hesabu: F40 ina farasi zaidi ya 430 kwa kila tani, QV kama 305. Rumeti akanyamaza... kwa dakika moja.

Akahamia kwenye thamani. Countach zote hazifiki 2,000, na zile za mwanzo, LP400, ni kama 150 tu. F40 zimetengenezwa zaidi ya 1,300! Kwa uhaba, LP400 ndio ingekuwa ghali. Lakini mnadani F40 inapita dola milioni 2, na LP400 kwa kawaida haifiki huko. Kwa nini? F40 ndio gari la mwisho ambalo Enzo Ferrari aliliidhinisha kabla hajafariki 1988. Watu wananunua hadithi, jamani. Rumeti akajibu kwamba hadithi hata Countach inayo: mchoro wa Marcello Gandini, ulioonyeshwa Geneva 1971, na ile milango ya kufunguka kwenda juu ambayo Lamborghini za silinda 12 zimeirithi. Hapo nikakubali.

Kinachoniuma ni kimoja. Gari lililotembea kilomita chache ndio linauzwa ghali zaidi. Yaani F40, isiyo na redio wala pawa stelingi, iliyotengenezwa kwa kukimbia tu, inapanda bei ikifungiwa gereji! Nalifikiria sana hili maana mwakani namaliza, na ndugu zangu wameshaanza: "Usikubali kwenda kufundisha kijijini, utaiharibu digrii. Tafuta ofisi, itunze." Itunze wapi, kabatini?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ukiniambia nilitazame tu, nipe Countach, hakuna gari lililochorwa vizuri kama lile. Ukinipa na ufunguo, nipe F40. Na nikipangiwa kijijini, naenda na chaki zangu. Kitu kilichotengenezwa kitembee, kitembee bwana.

Wadau, mwasemaje?