Njia Chini ya Miembe

Mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam na vijana wa vyuo wakaingia mitaani kuchora maeneo yanayofurika, sisi wa Tabora tuliisikia kama habari ya watu wa pwani. Lakini ramani waliyokuwa wakiijaza, OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, haina mwenyewe: ukijisajili, unachora. Nikajisajili. Kata yetu ya Kitete niliikuta ina barabara kubwa na reli, basi.

Nilikuwa na kompyuta ya mtumba na bando la usiku. Programu ya kuchorea, JOSM, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na wanaoitengeneza ni wa kujitolea kama sisi tuliokuwa tukiitumia. Unatandika picha ya setilaiti, unafuata njia kwa kipanya, unaandika ni njia ya nini, unapakia.

Kilichotusumbua ni miembe. Tabora imefunikwa na miembe, na wazee husema mingi ililetwa na misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Setilaiti inaona majani tu. Mtu aliyeko Ujerumani aliweza kuchora mapaa ya Kitete bila kutoka kwake, tena kwa unadhifu kunishinda, ila kichochoro kinachopita chini ya mwembe hakukiona, wala kisima. Hapo ndipo nilipohitajika.

Nikawa natoka asubuhi, simu ikirekodi njia mfukoni. Mzee mmoja akanisimamisha.

“Mwangaluka, babu.”

“Mwangaluka. Ninyi ndio wa kupima viwanja?”

“Hapana, babu. Nachora njia, zionekane kwenye ramani.”

“Anakulipa nani?”

“Hakuna.”

Akacheka sana. Kisha akanyanyua bakora: “Basi na ile usiiache. Kina mama wanaokwenda kliniki wanakatisha pale.”

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika hapa Tabora mwaka 1857, enzi hizo wakipaita Kaze, nao waliuliza hivyohivyo: njia ya ziwani ni ipi, kuna nini mbele. Ramani zikavuma kwa majina yao, si ya wapagazi wala ya wenyeji waliowajibu. Kwenye hii yetu, kila mstari unahifadhiwa na jina la aliyeuchora, siku na saa. Niseme kweli, nililipenda hilo kuliko nilivyokubali wakati ule. Jina la yule mzee, hata hivyo, halimo.

Mkaguzi mmoja wa ramani hiyo, mgeni kabisa kwangu, akaniandikia: je, njia ile ya kliniki gari linapita wakati wa mvua? Nikamuuliza dereva wa bodaboda.

“Gari? Mimi mwenyewe nashuka nasukuma, kaka.”

Nikaandika: waendao kwa miguu na baiskeli. Mkaguzi akashukuru, akaleta swali jingine, la njia ya Itetemia, ambayo nilikuwa sijaitembea.