Saa Iliyolala

Wahenga walisema: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Methali hii niliijua tangu utotoni, lakini ilinibidi nifunzwe maana yake na kompyuta.

Baba yangu alikuwa amelazwa, na muda wa mchana wa kuwaona wagonjwa ulikuwa saa sita hadi saa saba. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Saa tano na dakika tano nilifunika kompyuta yangu ilale, betri isiishe, nikapeleka simu ikachajiwe dukani kwa jirani mwenye umeme wa jua. Mazungumzo yakanoga. Niliporudi nikaifunua, ikaamka na kunionyesha saa tano na dakika tano. Nikafurahi kwamba bado mapema, nikaendelea na kazi. Hata nilipoisikia adhana ya adhuhuri, nilidhani wanajaribu kipaza sauti. Nilifika hospitali na kapu langu la chakula, nikakuta lango limefungwa.

Jioni Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikuwa natazama mlango."

Fundi mmoja kijana ndiye aliyenieleza kisa chenyewe. Kompyuta, alisema, ina saa mbili. Ya kwanza imo ndani ya mashine. Huhesabu mitetemo ya kipande cha kwatzi, mitetemo 32,768 kila sekunde, na hata mashine ikizimwa kabisa hupata nguvu kutoka betri ndogo mfano wa sarafu. Saa hii hailali. Ya pili ni ya programu, nayo ndiyo tunayoiona kwenye kioo. Kompyuta ikilala, hii nayo hulala. Ikiamka, inapaswa kumwuliza mwenzake: nimelala muda gani? Yangu haikuuliza. Iliendelea pale ilipoachia, kwa uhakika kabisa.

Kwa kuwa mashine yangu inatumia Linux, fundi aliandika amri moja tu, hwclock --hctosys, yaani saa ya programu ijisahihishe kwa kuitazama ile ya ndani. Tarakimu zikaruka mbele papo hapo. Kisha akaiweka amri hiyo katika faili dogo ambalo mfumo huliendesha kila unapoamka. Intaneti ingeweza kuisahihisha pia, alisema, lakini kwangu haipatikani kila wakati.

Nilimlipa, nikabaki nikijitafakari. Kulala si kosa. Mashine hulala, na binadamu hulala. Kosa ni kuamka na kuendelea bila kuuliza. Tena siku ile mashine haikuwa peke yake. Jua lilikuwa utosini, adhana imesikika, tumbo nalo lilikuwa likidai chakula. Mashahidi watatu waliokesha niliwakataa, nikamwamini mmoja aliyekuwa usingizini, kwa sababu tu alisema kwa tarakimu.

Baba alipona, akarudi nyumbani. Kompyuta sasa huamka na saa sahihi. Hata hivyo, kila ninapoifunua, hutoka kwanza mlangoni nikaangalia kivuli cha mwembe.