Taa Isiyowaka Haina Kosa Kila Mara



Mu mitaa yetu ya Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, umeme ukikatika vijana wengi wanajitengenezea taa: batri, nyuzi, na taa ndogo za LED walizotoa mu mashine zilizokufa. Ni kazi nzuri. Shaba inayopitisha umeme juu ya ubao ule ni ndugu ya shaba tunayochimba hapa kwetu. Lakini LED moja ikikataa kuwaka, kijana anakuja mbio: "Papa, hii ilikufa, tununue ingine." Mimi ninamujibu: "Bado. Tupime kwanza." Kwa sababu feza ya kununua ingine inatoka mu kitunga cha mama sokoni.

Tuchukue ubao wa kawaida. Batri ya volti 9 inaingia mu regileta 7805, na inatoka volti 5. Kila LED nyekundu inalishwa kupitia rezistansi yake ya omu 330. LED inabaki na volti 2 hivi, rezistansi inabeba 3. Mbili na tatu ni tano. Hesabu hii ya mutoto wa shule ya msingi njo mwalimu wetu.

Sasa shika multimetri. Singa nyeusi iweke ku upande wa kutoa wa batri, isitoke pale. Singa nyekundu itembee pole pole: ku batri, ku kuingia kwa regileta, ku kutoka kwake, mpaka ku LED. Pahali volti zinapopotea, njo pahali pa ugonjwa.

Kisha pima ku miguu miwili ya LED yenyewe. Ukisoma volti zote 5, umeme umefika lakini haupiti: LED imekatika ndani, ao uliiweka kinyume. Mguu mrefu ni wa kujumlisha. Ukisoma 0, na rezistansi inaonyesha 5, angalia chini ya ubao: mara nyingi tone la bati la kuunganishia limegusisha miguu miwili. LED ni nzima kabisa! Ikwangue bati ile, itawaka. Na kama pote ni 0, kosa liko nyuma, umeme haujafika.

Kuna ugonjwa mwingine wenye kudanganya. LED zote zinawaka kidogo kidogo. Unapima batri peke yake, inasema 8. Unasema, "Batri ni nzuri." Hapana. Ipime wakati inafanya kazi. Batri ya zamani ikibebeshwa mzigo inaweza kushuka mpaka 6, na 7805 inaomba karibu volti 7 ili itoe 5. Nguvu ya batri haijulikani wakati imelala.

Angalisho: ubao unaokula umeme wa nyumba, wa volti 220, usiuguse mbele ya kutoa fishi ku ukuta. Hata ukitoa, kondansateri kubwa inaweza kubaki na umeme ndani. Watoto wakae mbali.

Ba papa na ba mama, ninyi pia somo hili linawahusu. Mu nyumba, mutoto akileta pointi mbaya za shule, tunamusema yeye peke yake, kwani yeye njo taa tunayoona imezimika. Nani alipima kuanzia ku batri? Alikula asubuhi? Alilala usiku? Baba na mama walikuwa wanagombana mbele yake? Na yule mkubwa wa jamaa anayeonekana mwenye nguvu siku ya mapumziko, je, tunajua anabaki na volti ngapi siku mzigo wa wote uko juu yake?

Kutupa ni rahisi, kupima kunaomba uvumilivu. Vijana, mu kisanduku chenu kuna LED ngapi mlizoziita maiti? Zirudisheni ku meza, mzipime moja moja. Mungu abariki mikono yenu.