Shule Mpya Imefunguliwa, Mipaka Yote Ikasogea

Najua nimepotea kitambo, zamu za usiku wodini zimenibana kweli kweli. Leo niko mapumzikoni, nikaona nijibu swali la dada yangu aliyeniuliza kwenye simu: "Hivi huko kwenu serikali ikijenga shule mpya watu wanagombana? Si wamshukuru Mungu?"

Nilicheka, lakini swali lake ni zuri. Ngoja niwaeleze.

Kama mjuavyo, ninaishi Columbia, jimbo la Maryland, katikati ya Baltimore na Washington. Mji huu ulianzishwa 1967 na James Rouse, mjenzi aliyetaka weusi na weupe, wenye nacho na wasio nacho, wakae mtaa mmoja. Uko kwenye kaunti ya Howard, yenye wanafunzi wa shule za serikali takriban 57,000. Watu wengi wanahamia hapa kwa sababu ya shule tu, ndiyo maana kodi ya nyumba inatutoa jasho.

Huko nyumbani mtoto akimaliza kidato cha nne anapangiwa shule na TAMISEMI. Yuko Tanga, anajikuta Songea na tranka lake. Hapa shule inaamuliwa na anuani. Kaunti imekatwa vipande vidogo vidogo kwenye ramani, na kila kipande kina shule yake ya msingi, ya kati na sekondari, yaani haiskuli ya darasa la 9 hadi la 12. Ukihamia ng'ambo ya barabara unaweza kuwa umebadilisha shule bila kujua.

Sasa basi. Mwaka 2005 kaunti ilifungua haiskuli ya 12, Marriotts Ridge. Baada ya hapo miaka 18 ikapita bila nyingine, huku nyumba zikiendelea kujengwa, hasa upande wa mashariki. Baadhi ya shule zikajaa mpaka watoto wakasomea kwenye vyumba vya kuhamishika nje ya jengo. Hatimaye mwaka 2023 ikafunguliwa ya 13, Guilford Park, kule Jessup, yenye nafasi zaidi ya 1,600.

Ungedhani shule mpya inawahusu wanaoishi jirani nayo tu. La hasha! Fikirieni kitanda cha watoto wanne pale kwa bibi. Mmoja akihamia kwenye godoro jipya, wote waliobaki wanajisogeza. Shule mpya inaanza tupu, lazima ichukue watoto wa shule iliyojaa. Ile iliyopunguziwa inapata nafasi, kwa hiyo inaweza kupokea wa shule ya tatu. Mtu anayeishi mbali kabisa na jengo jipya anashtukia mwanawe kahamishwa.

Na wapangaji wana mengi ya kupima: nafasi, umbali, gharama ya mabasi, watoto wanaoweza kutembea kwa miguu, kutotenganisha waliosoma pamoja shule ya kati, na kutorundika watoto wa familia maskini shule moja. Ukitimiza hili, lile linaharibika.

Tuliyaona mapema, mwaka 2019, hata kabla shule mpya haijajengwa. Mkuu wa elimu wa kaunti alipendekeza kuhamisha wanafunzi zaidi ya 7,000. Novemba bodi ya elimu ikapitisha kama 5,400. Jamani, watu waliandamana na mabango! Wengine walisema juu ya umbali na usingizi wa watoto, hoja zenye uzito. Wengine walilia na bei ya nyumba zao. Na zilikuwepo barua zilizowasema watoto maskini kana kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Mimi mwenye kushika wagonjwa kila siku zilinichoma.

Mwaka 2022 ikawa zamu yetu. Kijana wangu alikuwa darasa la 8. Rafiki yake wa chanda na pete ni mtoto wa familia ya Mombasa, mitaa miwili kutoka kwetu. Mama yake ndiye alikuwa akimchukua wangu mazoezini nikiwa kazini. Ramani mpya ilipotoka, mstari ulipita katikati yetu. Sikuwa na wa kumlaumu, mstari lazima upite mahali.

Nilikwenda kusema mbele ya bodi. Kila mtu anapewa dakika 3. Nikatazama ukumbi: waliojaa ni wenye kazi za mchana na kompyuta zenye chati. Wale wa maghorofa ya kupanga, wapishi, wasafishaji, wabeba boksi wenzetu wa zamu ya pili, hawakuwepo. Na wao ndio wanaohamishwa kirahisi, maana hakuna anayepiga kelele. Nikasema hivyo hivyo kwa Kiingereza changu cha Morogoro. Mstari wetu haukubadilika, lakini mjumbe mmoja aliandika kitu, na mwaka uliofuata nilikwenda tena na wenzangu wanne.

Kijana kaizoea shule yake. Na yule wa Mombasa bado wanacheza pamoja Jumapili, ila Ijumaa timu zao zikikutana wanakaa majukwaa tofauti, kila mmoja anamzomea mwenzake. Mama yake nami tunabadilishana zamu za kuendesha gari, petroli ndiyo imeongezeka.

Kwa hiyo dada, watu hawagombei jengo. Wanagombea nani akae na nani. Na wewe unayejiandaa kuja huku, kabla ya kusaini mkataba wa nyumba uliza anuani ile ni ya shule gani, na usidhani itabaki hivyo milele. Barua ya shule ikija isome mpaka mwisho, hata kama umetoka zamu macho mekundu.

Haya, naona saa inakimbia, kesho naingia kazini. Msalimieni mama, mwambieni dawa za presha asiruke.